Lebo, Msimbo na Daftari: Namna ya Kuhamisha Nyumba Bila Kupoteza Kitu

Lebo ni maandishi mafupi yanayowekwa kwenye boksi lililofungwa ili mtu asiyejua kilichomo aweze kuamua la kulifanyia bila kulifungua. Fasili hiyo inabeba jambo ambalo wengi wanaohama hulisahau, yaani kwamba anayefunga, ambaye wakati huo anakikumbuka kila kijiko, ndiye asiyeihitaji lebo hata kidogo. Wanaoihitaji ni watu watatu watakaokutana na boksi baadaye, na kila mmoja ana swali lake: kibarua wa kupakia anataka kujua lishikwe vipi, mpokeaji mlangoni anataka kujua liingie chumba kipi, na mwenye nyumba, siku kadhaa baadaye, anataka kujua kama kitu anachokitafuta kimo humo.

Mfano ulio wazi ni kuhama kwa kaya za watumishi wa umma kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, mji ambao chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi, na ambao Serikali ilianza kuhamia kwa kasi baada ya Rais John Magufuli kutangaza azma hiyo Julai 2016. Mzigo unaosafiri njia hiyo hupita Chalinze, Morogoro na Gairo kwa takriban kilomita 450, na kwa kawaida wanaopakia sio wanaoshusha, kwa kuwa vibarua wa Dar es Salaam hubaki Dar es Salaam, na huenda mume au mke aliyetangulia kuripoti kazini ndiye anayelipokea lori huku mwenzake akiwa bado nyuma na watoto wanaomaliza muhula. Katika hali hiyo maagizo ya mdomo huishia njiani, na kinachofika ni kile kilichoandikwa.

Taarifa ya kwanza ya lebo ni chumba, na hapa kosa hutokea kwa urahisi, kwa sababu anayefunga huandika jina la chumba vitu vilikotoka badala ya chumba vinakokwenda. Kaya iliyokuwa na stoo huenda ikafikia nyumba isiyo nayo, na boksi lililoandikwa “stoo” likaishia katikati ya sebule kwa kuwa mbebaji hana pa kulipeleka. Inafaa kuchora ramani ndogo ya nyumba mpya kabla ya kufunga chochote, kukipa kila chumba herufi yake, kwa mfano J kwa jiko, S kwa sebule, W kwa chumba cha wazazi na T kwa cha watoto, kisha kubandika karatasi yenye herufi hiyohiyo kwenye kila mlango siku ya kushusha. Rangi husaidia pale ambapo wabebaji hawasomi kwa urahisi, lakini isiachwe peke yake, kwani wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani.

Taarifa ya pili ni namba ya mfuatano, yaani namba inayopanda moja moja kwa kila boksi linalofungwa, bila kujali chumba. Herufi na namba zikiunganishwa huzaa msimbo, ambao ni alama fupi inayosimama mahali pa maelezo marefu: J14 ni boksi la kumi na nne, nalo linakwenda jikoni. Maelezo yenyewe hukaa daftarini, ambamo mbele ya J14 huandikwa “sufuria tatu, miiko, chupa mbili za chai, mbuzi ya kukunia nazi”, wala si “vitu mbalimbali”, neno ambalo haliwezi kumsaidia mtu anayetafuta mwiko saa mbili usiku. Kwa mgawanyo huo, orodha huweza kurefuka kadiri itakavyo ingawa uso wa boksi ni mdogo, na namba ikikosekana wakati wa kushusha, mpokeaji hutambua papo hapo boksi gani limebaki na lilikuwa na nini, kabla hajamlipa dereva salio lake. Msimbo pia hutunza siri, kwa kuwa boksi lililoandikwa “kompyuta” humtangazia kila apitaye, ilhali S22 halisemi kitu. Vyeti, hati, fedha na vito havihitaji msimbo, kwani havipaswi kupanda lori. Husafiri na mwenyewe.

Taarifa ya tatu ni namna ya kushika mzigo. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka katika kiwango chake namba 780 picha zinazoeleweka bila kusoma: glasi yenye mguu humaanisha kitu chepesi kuvunjika, mishale miwili huonyesha upande unaopaswa kubaki juu, na mwavuli huagiza mzigo usilowe. Nguvu ya picha hizo hutokana na uchache wake, kwa maana kaya ikichora glasi hadi kwenye boksi la nguo, kibarua huyaona maboksi yote kuwa sawa, na sahani hubebeshwa vitabu.

Lebo iliyo sahihi huweza kuharibiwa na mahali ilipowekwa. Maboksi yakipangwa moja juu ya jingine, uso wa juu hufichika, na kwa hiyo lebo hukaa ubavuni, walau pande mbili zinazokutana konani, tena pembeni mwa selotepu, ambayo ikibanduliwa huondoka na maandishi. Maka peni ya wino wa kudumu hustahimili mvua kuliko kalamu ya wino wa maji. Maboksi yaliyotoka dukani huja na majina ya sabuni au biskuti, ambayo yafunikwe kwa karatasi ili yasigombane na lebo mpya. Viroba na mifuko ya shangazi kaja havishiki wino vizuri, hivyo hufungiwa kadi kwa uzi kwenye mpini au mdomoni, na skrubu za kitanda hutiwa katika kifuko chenye msimbo wa kitanda chenyewe na kufungwa kwenye ubao wake mmojawapo.

Alama ya mwisho inahusu wakati. Shuka, chandarua, sabuni, dawa, chaja, balbu na sufuria moja huwekwa pamoja katika boksi lililoandikwa “Fungua kwanza”, nalo hupakiwa mwisho, kwa sababu katika lori kinachoingia mwisho hutoka kwanza.

Methali isemayo kwamba mali bila daftari huisha bila habari huelekezwa zaidi kwa wafanyabiashara, lakini nyumba inayohama hufanana na duka lililoshushwa rafu zake zote kwa siku moja. Lebo iliyo bora kuliko zote haina maana iwapo orodha yake imelala chini ya maboksi thelathini, na ndiyo maana daftari, kama vyeti na fedha, halipewi namba wala kufungwa ndani ya boksi lolote.