Mbwa akiruka majini, mtumbwi usipinduke

Likizo kubwa imefika, na kwenye bandari ndogo za Ziwa Kivu tunaona tena familia zikivuka kwenda Idjwi kwa bibi: mama, watoto wanne ao watano, magunia, bidoni za mafuta, kuku waliofungwa miguu. Nyuma yao yuko mbwa wa nyumbani ambaye hakuna aliyemwalika. Mtumbwi ukisukumwa majini, yeye anabaki ufukoni akilia, kisha anaruka na kuogelea nyuma ya wenyewe. Watoto wanapiga kelele, "Mama, atakufa!" Wote wanasimama, wote wanaegemea upande mmoja ili wamvute. Hapo hatari inaanza, na mbwa si wa kwanza anayetishwa nayo.

Wamama wenzetu wanaouza sambaza ndio walituomba tuandike juu ya jambo hili. Kuna atakayecheka: mbwa tu! Sisi hatucheki. Tangu 3 Oktoba 2024, wakati boti iliyotoka Minova ilipopinduka karibu na bandari ya Kituku, pale Goma, na makumi ya watu wakafa wakiwa wameshaiona nchi kavu, hakuna mama wa ziwa hili anayeona chombo kikiinama na moyo wake ukatulia.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Kuogelea anajua, na mbwa mwenye afya anaweza kufuata mtumbwi wa kasia kwa muda mrefu kuliko tunavyofikiri. Shida yake ni kupanda. Anaweka miguu ya mbele juu ya ukingo, lakini ya nyuma inapiga maji tu, haina pa kukanyaga. Anakwaruza mbao, anateleza, anajaribu tena, na kila mara nguvu zinapungua. Manyoya yamejaa maji, amekuwa mzito. Mwenye kumshika ngozi ya shingo na kuvuta anamuumiza bure, na mwenye kuvuta kamba iliyofungwa shingoni anamnyonga.

Kwa hiyo, kabla ya mkono wowote kunyoshwa, watu wakae. Wakae chini kabisa, matako sakafuni, watoto wadogo katikati ya miguu ya mama zao. Mtumbwi ni mwembamba. Watu wawili wazima wakisimama na kuinama upande mmoja, ukingo unashuka na maji yanaingia. Mtu mmoja tu amshughulikie mbwa, naye apige magoti. Kama kuna motere, izimwe, na mngoje helisi isimame kabisa. Mbwa anayezunguka nyuma ya chombo haoni chuma kinachomngoja.

Kisha mtazame umbali wa ufuko. Kama ni karibu, msimvute hata kidogo! Geuzeni mtumbwi, pigeni kasia polepole, mwiteni kwa jina lake, atafuata hadi miguu iguse mchanga. Tunasema hivi kwa sababu tumeona watu wakihangaika kumpandisha mbwa mahali ambapo mtu mzima angesimama na maji yakamfika kiunoni.

Kama ni mbali, apandishwe kwenye ncha ya mtumbwi, mbele ao nyuma, ule upande ulio chini zaidi. Uzito ukiwa kwenye ncha, chombo hakilali ubavu kama kinavyolala ukimvuta kutoka kando. Kama hakuna njia ila kando, wale wengine wasogee upande wa pili, wakiwa wamekaa vilevile.

Sasa chukueni kikwembe. Kikunjwe kwa urefu kiwe kama mkanda mpana, kipitishwe chini ya tumbo la mbwa, ncha zote mbili zirudi mkononi. Mkono mmoja uvute kikwembe, mwingine uwe chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Sehemu ya nyuma ndiyo ya kuinua. Miguu ya nyuma ikishafika ukingoni na kupata pa kukanyaga, atajirusha ndani mwenyewe. Geuzeni uso, maana atajitikisa na kuwalowesha wote. Mwacheni alale mbele bila kushikwashikwa. Mbwa mwenye hofu anaweza kumuuma hata mtoto aliyemlea.

Hakuna wa kuruka majini kumsaidia. Mbwa aliyechoka anapanda juu ya kitu chochote kinachoelea, na kichwa cha mtoto kinaelea. Waambieni watoto neno hili nyumbani, mapema, si wakati mbwa ameshaanza kulia. Dada zetu wa Uvira, Baraka na Kalemie wana sababu nyingine tena: Ziwa Tanganyika lina mamba na viboko, na pale mto Ruzizi unapoingia ziwani si mahali pa mbwa wala pa mtu.

Na kama upepo umeanza, mtumbwi umejaa watu, na mwenye motere anakataa kurudi? Tunajua maneno haya ni magumu kwa mama mwenye mtoto anayelia mapajani, lakini mwenye motere ana haki. Mshikeni mtoto, msimkemee. Mara nyingi mbwa akiona chombo kimemwacha anageuka mwenyewe kuelekea ufuko. Pigeni simu kwa jirani ashuke kumtazama.

Mtu akiumwa ao akikwaruzwa kidogo tu, jeraha lisafishwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku ileile kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Dawa za kupaka za jirani zingoje. Mbwa msimuue: afungwe na kuangaliwa siku 10, maana hali yake itamsaidia muganga kujua la kufanya.

Dawa nzuri kuliko zote ni kumfunga mbwa nyumbani kabla ya kushuka bandarini, na mtu wa kumpa maji abaki. Kama lazima asafiri, avae mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni. Haununuliwi ghali, unashonwa. Mkutano ujao tutaushona pamoja kwa vipande vya vikwembe vya zamani vilivyokunjwa mara tatu. Mpimeni mbwa nyuma ya miguu ya mbele, kuzunguka kifua, muongeze upana wa vidole viwili, na mlete kipimo hicho pamoja na sindano nene.