Je, Kanzu Yafaa Katika Meli ya Waingereza?

Nimepokea barua kutoka Ainabkoi, bara huko Uasin Gishu, katika njia ya reli iendayo Eldoret. Aliyeniandikia ni mama wa Kimombasa aliyemfuata mumewe bara, akasomesha huko mpaka akastaafu. Mwana wao anafanya kazi Uingereza, na sasa ataka kuwatunza wazazi wake: wapande naye meli kubwa ya matembezi katika bandari ya Southampton, wavuke bahari ya Atlantiki mpaka New York.

Tikiti bado haijakatwa, na kinachozuia si fedha bali ni nguo. Mzee amesomewa kwamba ziko jioni ambazo wanaume hutakiwa wavae suti nyeusi na tai ya kipepeo, na wanawake gauni za karamu. Ameapa kuwa hataivua kanzu yake uzeeni kwa ajili ya sahani ya chakula. Mama naye achelea kuwa, wakienda na mavazi yao, mwana wao atatahayari mbele za watu. Anauliza: "Ndugu mwandishi, wahenga wamesema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Je, twende tukavunje, au tukae kwetu?"

Swali hili si dogo. Wangapi kati yetu wamekataa mialiko ya watoto wao kwa sababu ya neno kama hili, na mtoto akadhani kuwa wazazi hawamtaki?

MASANDUKU YA AINABKOI

Ajabu ni kuwa Ainabkoi yenyewe yaijua habari hii tangu zamani. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, walowezi wa Uasin Gishu waliweza kupanda garimoshi na kuteremka mpaka Mombasa, wakaingia melini Kilindini kwenda kwao likizo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili katika njia ya London na Afrika Mashariki, moja ikiitwa Kenya na ya pili Uganda, zikipita Suez. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na desturi ya kuvaa nguo za karamu kila jioni, isipokuwa usiku wa kwanza na wa mwisho, maana masanduku yalikuwa ama hayajafunguliwa, ama yamekwisha kufungwa.

Wazee wetu nao walisafiri katika meli za kampuni hiyo hiyo, kama Karanja na Kampala, zilizokwenda Bombay. Lakini wengi wao walikuwa abiria wa sitahani: mkeka wako, birika lako, na kanzu moja safi iliyokunjwa kwa ajili ya Ijumaa. Hakuna aliyewauliza wamevaa nini, kwa kuwa hakuna aliyewaalika mezani. Ndiyo maana hata leo tukisikia "kanuni za mavazi melini" moyo hushtuka, twadhani kanuni hizo ni mlango wa kutufungia nje.

KANUNI YASEMAJE?

Basi na tuisome kanuni yenyewe. Meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza safari mwaka 2004, ndiyo ivukayo kutoka Southampton hadi New York, kwa kawaida kwa siku saba. Mchana watu huvaa watakavyo. Jioni kaptura na fulana haziingii katika ukumbi mkubwa wa chakula. Na katika jioni chache za karamu ndipo itakiwapo suti nyeusi na tai. Lakini kanuni hiyo hiyo yasema kuwa mavazi rasmi ya kitaifa yanakubaliwa. Mlango u wazi, na sisi tumesimama nje tukidhani umefungwa.

Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya vito na koti, au joho kwa aliye nalo, ni vazi rasmi la Mswahili tangu hapo. Sayyid Barghash alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha akiwa na watu wake katika majoho na vilemba, wala hakuazima suti ya mtu. Mzee wa Ainabkoi na avae kanzu yake. Kofia asiivue ukumbini, kwani si chepeo ya Kizungu ya kuangikwa mlangoni. Ni sehemu ya vazi. Jambia tu ndilo libaki nyumbani, maana walinzi wa bandari hawatauliza kama ni pambo.

Mama naye buibui lake jema, lenye taraza, na mtandio wa hariri, ni vazi la kuingia nalo karamu yoyote. Kanga zisisahauliwe, ni za chumbani, kama kwetu. Lakini chetezo na ubani asichukue. Melini moto ni adui mkubwa, na moshi kidogo tu chumbani utaamsha kengele. Mafuta ya udi yatosha. Pasi pia hairuhusiwi vyumbani. Aulize kilipo chumba cha kufulia, huko zipo.

MEZANI

Waingereza hushika uma kwa mkono wa kushoto, nasi tumelelewa kula kwa mkono wa kulia. Hapa pia hapana ugomvi: kata nyama yako kwanza, weka kisu, kisha uhamishie uma kulia. Wamarekani wengi hula hivyo hivyo. Habari ya chakula cha halali mwana na amwambie wakala wiki kadhaa kabla ya safari, na mezani muulize tena, kwani michuzi mingine hutiwa mvinyo. Pasipo uhakika, samaki na mboga. Na mama akinyoshewa mkono na nahodha naye hapendi kuupokea, aweke wake kifuani na atabasamu.

IBADA NA SAFARI

Nguo isiwasahaulishe mengine. Wahitaji viza ya Uingereza na ya Marekani pia, na wakirudi kupitia London wahakikishe viza ya Uingereza bado ina nguvu. Siku ya kupanda, masanduku hupokewa na wachukuzi bandarini yakaletwa chumbani baadaye. Basi dawa, pasi za kusafiria na miwani vikae mkobani. Yatafanywa mazoezi ya hatari, kila abiria aonyeshwe mahali pa kukutania, wasiyapuuze.

Kibla cha Southampton ni kusini-mashariki, lakini ukifika New York utakikuta kaskazini-mashariki. Kwa hiyo dira na iwe mkobani, na meli ikigeuka katikati ya sala, geuka nayo, kama tulivyofundishwa chuoni. Kila baada ya siku moja au mbili saa hurudishwa nyuma, mpaka zitimie saa tano, na nyakati za sala husogea nazo. Habari ya kufupisha na kukusanya sala wamwulize shehe wao kabla ya kuondoka. Bahari ikichafuka, tangawizi husaidia. Na aliyelewa bahari asiyeweza kusimama, ataswali ameketi.

Jambo moja watu wa Ainabkoi wametushinda sisi wa pwani. Karibu nao, Timboroa, reli hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na asubuhi za huko zina baridi kali. Makoti yao mazito ndiyo yafaayo upepo wa Atlantiki. Sisi wa Mombasa tungelazimika kuazima.

TUNAVYOTAKA KWA WAGENI

Mwisho, tujitazame nafsi zetu. Meli za watalii zikitia nanga Kilindini au Unguja, huwataka wageni wafunike mabega na magoti wakipita mitaani mwetu, na aliye muungwana hutii bila kuacha kuwa Mzungu. Hatumtaki avae kanzu, twataka asitiri. Nao pia hawatutaki tuwe Waingereza. Wanataka tuje mezani nadhifu. Hiyo ni adabu tuliyoijua kabla ya kupanda meli yao.

Kwa hiyo, Bibi wa Ainabkoi, mwambie mzee apeleke kanzu mbili kwa fundi, na mwana akate tikiti. Hapana jicho la kuvunja. Hatakayetahayari ni mtoto amwonaye babake akiingia ukumbini kwa vazi lake, kichwa juu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nendeni salama, mrudi salama, mtuletee habari.