Riba Sahili na Riba Ambatani

Muuza ndizi wa Mzinga, Morogoro, ameweka akiba ya sh. 200,000 kwa miaka 3, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Atapata kiasi gani?

Riba sahili hukokotolewa kwa mtaji wa mwanzo tu.

Riba = Mtaji × Kiwango × Muda ÷ 100
= 200,000 × 10 × 3 ÷ 100 = sh. 60,000
Jumla = sh. 260,000

Riba ambatani: riba ya kila mwaka huongezwa kwenye mtaji, nayo huzaa riba mwaka unaofuata.

Mwaka 1: 200,000 × 1.1 = 220,000
Mwaka 2: 220,000 × 1.1 = 242,000
Mwaka 3: 242,000 × 1.1 = 266,200

Kwa mkato: 200,000 × (1.1)³. Riba ni sh. 66,200. Zile sh. 6,200 zilizozidi ni riba iliyozaliwa na riba.

Angalizo: Riba ikiongezwa kila miezi 6, gawanya kiwango kwa 2 (asilimia 5) na hesabu vipindi 6, si 3: 200,000 × (1.05)⁶ ≈ sh. 268,019. Ukisahau hatua hii, unapoteza alama.

Deni la riba ambatani nalo hukua vivyo hivyo. Soma masharti kabla ya kutia saini.