Kihispania cha Mizani na Duka



Wakulima wa kahawa wa Kolombia, Peru, Guatemala, Honduras na Meksiko hununua na kuuza kwa Kihispania, na lugha hiyo ni mojawapo ya lugha 4 rasmi za Shirika la Kimataifa la Kahawa, lililoanzishwa mwaka 1963 na ambalo makao yake yako London. Kwa hiyo katibu apokeaye wageni kutoka nchi hizo, au asomaye habari za bei zao, hapotezi wakati wake akijifunza maneno machache ya biashara. Makala haya hayatamfanya kuwa msemaji wa Kihispania. Yatamkinga tu asidanganywe na masikio yake.

"Comprar" ni kununua, "vender" ni kuuza, "precio" ni bei, na "tienda" ni duka. Kitu ghali huitwa "caro", na kilicho rahisi huitwa "barato". Dukani mnunuzi huuliza "¿Cuánto cuesta?", ambalo hutamkwa kwanto kwesta, yaani bei yake kiasi gani. Lakini kwa mazao ambayo bei yake hupanda na kushuka kila siku, huuliza "¿A cómo está?", kana kwamba asema: leo inakwendaje?

Sasa, mwanachama akisikia "¿Cuánto pesa?" atadhani ameulizwa ni pesa ngapi. Sivyo. Kwa Kihispania neno hilo lahusu uzito, na swali hilo ni la mizani. Pesa yetu ilitoka Bara Hindi, yao yatokana na Kilatini. Yamefanana kwa sauti tu, ingawa sarafu yao iitwayo "peso" ilipata jina lake kutokana na uzito. Mtu atajaye shilingi mahali palipoulizwa kilo huharibu hesabu tangu mwanzo.

Maneno mengine ni ndugu wa kweli. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha huko maneno mengi ya sokoni, ambayo sisi tuliyapata kwa njia ya bahari. "Azúcar" ni sukari. "Fulano" ni fulani. "Tarifa", yaani orodha ya bei, ni shina moja na taarifa. "Almacén", ghala, ni jamaa ya hazina. "Arroba", kipimo cha uzito, latokana na neno lile lile lililotupa robo, kwa kuwa ni robo ya "quintal". Na quintal yenyewe ni kantari ya watu wa pwani.

Hapo kwenye quintal hatuna budi kusimama. Katika Amerika ya Kati quintal ya kahawa ni ratili 100 za Kihispania, karibu kilo 46. Quintal ya kimetriki ni kilo 100. Kolombia nako wakulima huuza kwa "carga" ya kilo 125. Dola 200 kwa quintal ya kilo 46 ni zaidi ya dola 4 kwa kilo. Kwa quintal ya kilo 100 ni dola 2 kamili. Basi uliza: "¿De cuántos kilos?", ya kilo ngapi?

Tena uliza ni kahawa ipi. "Cereza" ni kahawa mbivu itokayo mtini. "Pergamino" ni ile iliyomenywa na kukaushwa, ingali na ngozi yake ya ndani. "Oro", yaani dhahabu, ni buni safi iliyo tayari kusafirishwa. Kilo 5 au 6 za cereza hutoa kilo 1 tu ya oro, wala bei ya moja hailinganishwi na ya nyingine.

Huko Meksiko na Amerika ya Kati mlanguzi azungukaye mashambani na fedha taslimu huitwa "coyote", jina la mnyama afananaye na mbweha. Mwana ushirika hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mkopo wa dukani nao huitwa "fiado", na wenye maduka hutundika kibao: "Hoy no se fía, mañana sí", leo hatukopeshi, kesho ndiyo. Arudiye kesho hukikuta kibao kile kile.

Ukisha kulipwa, sema "Un recibo, por favor", stakabadhi tafadhali. Na kabla ya kuikunja, itazame kama wameandika kilo au quintal.