Jeni Zinazorithiwa Pamoja

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kanuni za Mendel hutarajia kwamba sifa mbili za kiumbe zitarithiwa bila kutegemeana. Matarajio hayo yalitiwa mashakani katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako T. H. Morgan na wanafunzi wake walifuga nzi wa matunda katika chupa za maziwa.

Tuseme jike wa kijivu, mwenye mabawa kamili, amerithi kwa mzazi mmoja jeni mbili fiche: ya mwili mweusi na ya mabawa yaliyodumaa. Akipandishwa na dume mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa, watoto 2,300 wangepaswa kugawanyika makundi manne ya 575 hivi. Hesabu mashuhuri ya majaribio hayo ni nyingine kabisa: wa kijivu wenye mabawa kamili 965; weusi wenye mabawa yaliyodumaa 944; wa kijivu wenye mabawa yaliyodumaa 206; weusi wenye mabawa kamili 185.

Maana yake ni kwamba jeni hizo mbili zimo katika kromosomu moja. Lakini ikiwa zimefungamana, wale 391 wa mwisho wametoka wapi? Mayai yanapoumbwa, kromosomu mbili za jozi moja hulala sambamba, hukatika mahali palepale na kubadilishana vipande. Hapa mabadilishano yalitokea mara 17 katika kila mia. (Nzi dume hana tendo hili. Mwalimu atakayetumia dume mahali pa jike atapata makundi mawili tu, wala asidhani jaribio limeharibika.)

Mwaka 1911 A. H. Sturtevant, kijana wa miaka 20 hivi, aling'amua jambo kubwa zaidi: kadiri jeni mbili zinavyokaa mbalimbali, ndivyo nafasi ya kukatika kati yake inavyoongezeka. Basi asilimia ya mabadilishano ni kipimo cha umbali! Usiku mmoja aliacha kazi zake za masomo akachora ramani ya kwanza ya kromosomu, iliyochapishwa mwaka 1913: mwili wa manjano 0.0, macho meupe 1.0, macho mekundu ya kung'aa 30.7, mabawa mafupi 33.7.

Jeni zilizo mbali sana huweza kubadilishana mara mbili, na badiliko la pili likafuta la kwanza. Kwa hiyo asilimia haipiti 50, na ramani ndefu hupimwa kwa kujumlisha masafa mafupi.