Kumsaidia Mgonjwa: Habari za Wilma Rudolph

  Maneno yaliyopigwa chapa hapa ndiyo yale yale mnayoyasikia redioni. Yafuateni kwa kidole, polepole.

Leo tutazungumza habari za kumsaidia mtu mwenye ugonjwa mzito. Mfano wetu ni mwanamke wa Marekani, jina lake Wilma Rudolph, mkimbiaji hodari. Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Roma mwaka 1960, alipata nishani 3 za dhahabu: mbio za mita 100, mbio za mita 200, na mbio za kupokezana vijiti. Alikuwa na umri wa miaka 20. Wengi waliomshangilia siku ile hawakujua ya kuwa mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa mtoto.

Wilma alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee, kabla ya miezi yake kutimia. Uzito wake ulikuwa ratili 4 na nusu tu. Baba yake alikuwa na watoto 22, na Wilma alikuwa wa 20. Mama yake, Bibi Blanche, alikuwa mtumishi katika nyumba za Wazungu. Mtoto alipofika miaka minne au mitano, alishikwa na polio.

Polio ni ugonjwa gani? Huletwa na kijidudu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho. Huingia kinywani, mara nyingi kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliye nacho. Wengi hawadhuriki sana. Lakini kwa watu wachache kijidudu hicho hufika katika uti wa mgongo, kikaharibu mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli. Mguu usiopata amri hulala. Mguu uliolala siku nyingi hunyauka, na viungo vyake hukakamaa. Dawa ya kuuponya haipo. Chanjo ya kuuzuia ilianza kutolewa kwa watu wengi huko Marekani mwaka 1955, na Wilma alikuwa amekwisha ugua zamani.

Basi, ikiwa dawa haipo, mama yake alifanya nini? Siku zile watu weusi wa Tennessee walibaguliwa hata katika matibabu. Wilma akapelekwa Nashville, kwenye chuo cha udaktari cha watu weusi kiitwacho Meharry. Ni mwendo wa maili kama 50. Mama na mtoto walipanda basi kila juma, wakaketi viti vya nyuma, kwa muda wa miaka kama miwili. Huko mguu ulitiwa joto na kukandwa. Joto na kukanda haviui kijidudu. Huzuia misuli na viungo visikakamae, ili ile mishipa iliyosalimika ipate mguu unaoweza kuitika.

Lakini mara moja kwa juma haitoshi. Bibi Blanche alijifunza namna ya kukanda, akawafundisha watoto wake wakubwa. Wakakanda kwa zamu, mara 4 kila siku. Pia walimchunga mdogo wao asivue kile chuma cha kutegemeza mguu, maana alikichukia.

Chukueni kalamu. Mara 4 kwa siku, siku 365: jumla ni mara 1,460 kwa mwaka mmoja. Mara ya kwanza kila mtu ana huruma. Juma la kwanza nyumba ya mgonjwa hujaa wageni mpaka mikeka haitoshi. Je, mara ya 900 yuko nani? Mimi naona hapo ndipo penye kazi yenyewe, na wengi wetu hapo hatupo.

Alipofika miaka 12, Wilma alitembea bila ya chuma. Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, alikwenda Olimpiki ya Melbourne, akarudi na nishani ya shaba.

Ngojeni kidogo, tusidanganyane. Wako watoto waliokandwa vile vile, kwa mapenzi yale yale, na hawakutembea, kwa kuwa mishipa yao iliharibika zaidi. Kwa hiyo msimwambie mgonjwa, "Jitahidi kama Wilma, utapona." Hayo ni kumtwika mzigo wa pili. Hata Wilma mwenyewe, mwaka 1994, alipatikana na saratani ya ubongo. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka ule ule, akiwa na miaka 54. Nguvu zake zilikuwa zile zile za mtu aliyeshinda Roma. Ugonjwa ulikuwa mwingine.

Wazee husema, mgonjwa haulizwi uji. Ukimwambia, "Ukitaka lolote niite," umempa kazi ya kukuita, naye anaona haya. Afadhali uende na ndoo ya maji. Fua nguo. Kaa naye usiku mmoja ili mkewe apate usingizi. Ukimtembelea, usikae mno, wala usimsimulie habari za watu waliokufa kwa ugonjwa kama wake. (Msicheke. Wageni wa namna hiyo mnawajua.)

Na mchezaji wa timu yenu akiugua je? Alipofunga goli mlimbeba mabegani. Sasa yuko kitandani, na jezi yake anaivaa mwingine. Mpelekeeni habari za mchezo, mwulizeni maoni yake juu ya timu, kwa kuwa akili yake ya mpira haikuugua. Mchango wa fedha ni mzuri pia, lakini umkabidhi yeye au jamaa yake mbele ya mashahidi.

Sasa kazi ya darasani. Andikeni jina la mgonjwa mmoja mnayemjua. Chini yake andikeni kazi moja ya nyumbani kwake, na siku mtakayokwenda kuifanya. Andikeni na siku ya mwezi ujao. Mwalimu atasahihisha herufi zenu. Kwaherini, mpaka juma lijalo.