Sukari Ileile, Ugonjwa Si Uleule

Kwenye kliniki yetu ya kisukari huku Kanda ya Ziwa, asubuhi huanza kwa kuchoma vidole. Watu hupanga foleni na madaftari yao mkononi, mashine inasoma, namba inaandikwa. Wawili wakipata 14 kila mmoja, hujiona wana ugonjwa mmoja. Wakirudi kwenye benchi wanapeana ushauri, mara nyingine hata vidonge. Hapo ndipo ninaposhtuka. Mimi ni muuguzi, na ninalotaka msomaji alijue ni hili: namba inaeleza sukari iliyomo kwenye damu, haielezi imefikaje huko.

Chukua kipimo cha HbA1c, ambacho wagonjwa wetu hukiita cha miezi mitatu. Sukari hujishikiza kwenye himoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kiasi kilichoshikwa na sukari kinaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kikifika asilimia 6.5, daktari anaweza kusema ni kisukari. Ni kipimo kizuri: hakimtaki mtu aje na njaa, wala hakidanganywi na aliyeacha soda siku mbili kabla ya kliniki. Ila chembe zikifa mapema, sukari haipati muda wa kujishikiza, na jibu linatoka dogo kuliko hali ilivyo.

Wenye chembe za namna hiyo ni wengi kwetu. Malaria imekaa nasi karne na karne, na waliozaliwa na vinasaba vya kuwakinga walinusurika kuliko wenzao. Ndiyo maana vinasaba vya selimundu, na vya upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, vimeenea Afrika Mashariki. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2017 ziliangalia watu wenye asili ya Afrika. Waliobeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambao wengi wao huwa hawana dalili yoyote, walikuwa na HbA1c ya chini kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Kwa wanaume wenye upungufu wa G6PD, tofauti ilikaribia 0.8. Pengo hilo linatosha kumrudisha mtu nyumbani akiambiwa yu mzima.

Namkumbuka mvuvi mmoja aliyekuja na HbA1c ya 6.1, akiwa na furaha. Lakini sukari yake kabla ya kula ilisoma 8.4, na wiki iliyofuata 8.9. Daktari akamuuliza habari za utotoni. Akasema mama yake alimkataza dawa fulani ya malaria, kwa kuwa alipoimeza akiwa mdogo mkojo ulitoka mweusi na macho yakawa ya manjano. Akapimwa G6PD, ikaonekana ni pungufu. Daktari akaiweka HbA1c pembeni, akaamua kwa sukari ya asubuhi, ambayo ikifika 7.0 mara mbili ni kisukari. Leo tunamfuatilia kwa kipimo cha kidole.

Vijana nao wana habari yao. Kwa miaka mingi kijana mwembamba mwenye sukari ya juu amehesabiwa moja kwa moja kuwa na aina ya kwanza, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia kongosho. Utafiti uliotoka mwaka 2025, uliowapima watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wamehesabiwa hivyo, uliwakuta takriban theluthi mbili hawana alama za shambulio hilo kwenye damu. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likautambua ugonjwa unaohusishwa na lishe duni kuwa aina ya tano. Kijana unayesoma hapa, usiache sindano yako kwa habari hii. Mwili wako bado unaweza kuwa na upungufu mkubwa wa insulini, na kuiacha bila daktari kunaweza kuua.

Na wazee? Bibi mmoja anayeishi peke yake aliletwa kwetu akitokwa jasho, hajui yuko wapi. Sukari ilikuwa 2.3. Alipozinduka nikamuuliza, "Bibi, jana usiku ulikula nini?"

"Chai ya rangi, mjukuu wangu, na nusu andazi."

Kidonge chake cha glibenklamaidi alikuwa amekimeza kizima. Dawa hiyo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haiwafai waliozidi miaka 60. Alibadilishiwa dawa, na lengo lake la HbA1c likalegezwa: badala ya kumbana chini ya 7 kama kijana, anaruhusiwa kukaribia 8. Kwa umri wake, sukari kushuka ghafla ni hatari ya leo leo.

Kwa hiyo ukienda kliniki, usingoje kuulizwa. Sema kama ukoo wenu una selimundu, kama uliongezewa damu karibuni, kama kuna dawa iliyowahi kukubadilisha rangi ya mkojo. Sema unakula nini kweli, na saa ngapi, hata kama ni chai tupu. Na vidonge ulivyoandikiwa, tafadhali, usimgawie jirani.